Nimebaki na kamera moja na lensi moja tu. Kwa mtu wa Kigoma hii inatosha au nitarudi kununua tena?

Kibirizi Kwetu

Wakuu salama? Uzi mrefu kidogo, kama bando linaelekea ukingoni pita tu sikulaumu.

Mimi sio fotografa wa kazi. Mkate wangu hauhusiani na picha kabisa, napiga jioni nikitoka kibaruani na wikiendi basi. Sasa nimeamua nauza karibu vyote nabaki na bodi moja (kamera yenyewe bila lensi) na lensi moja, na kabla hamjaanza kusema jamaa kafulia, sijafulia, nimechoka tu kubeba na kuchagua.

Niwaeleze mzigo ulivyojaa maana najua humu wenzangu mpo wengi. Ilianza Nikon D3300 na ile lensi ya 18-55 inayokuja nayo kwenye boksi (hizo ni milimita, namba ikiwa kubwa inavuta karibu zaidi). Kila ukiingia mtandaoni watu wanakuambia tafuta 50 ya 1.8 (hiyo 1.8 au f/1.8 ni tundu la mwanga, namba ndogo tundu kubwa) uone nyuma ya picha inavyoyeyuka, nikaipata ile ya zamani ya herufi D, bei ya kutupa, kufika nyumbani haijifokasi. Kumbe bodi za familia ya D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani na lensi za D zenyewe nazo hazina, zinasubiri kuzungushwa na bodi, kwa hiyo unabaki unafokasi kwa mkono huku mtoto uliyemlenga kashaondoka. Mtu mwenye akili angeuza lensi. Mimi nikatafuta bodi yenye mota, D7100. Ilipofika nikaona mbona hii inafaa hata ndege, nikaongeza 70-300. Halafu akatokea jamaa anahama mkoa akaniachia Canon 6D pamoja na 24-105 na kale kalensi ka 40mm kembamba, kwa bei ambayo kuikataa ni dhambi. Yani kila nilichonunua kilikuwa kinatibu nilichonunua kabla yake.

Hapo ndo nikawa na betri za aina 3 na chaja 3, hakuna inayoingiliana na mwenzake. Nikon lensi unaifunga kwa kuzungusha upande huu, Canon upande ule. Hata zumu zinazungushwa kinyume. Usiku gizani mkono unasahau umeshika ipi. Ukija kuediti rangi za hii na za ile hazikai familia moja, unatumia jioni nzima kuzilazimisha zifanane.

Na huku kwetu muda ndo hakuna. Walioko Dar jua linawachomozea baharini, sisi linazama ziwani nyuma ya milima ya Kongo, kwa hiyo mwanga mzuri wa Kigoma ni wa jioni, unapiga ufukwe wote usoni. Kibirizi saa hizo kina mama wanakusanya dagaa walioanikwa, mitumbwi inapakia taa na nyavu, watoto wapo majini. Halafu tupo karibu nyuzi 5 tu kusini ya ikweta, jua hapa likishuka linashuka wima, giza halina adabu. Wewe umeinama kwenye begi unajiuliza 50 au 70-300, ukiinuka mitumbwi imeshatoka.

Kwa hiyo inabaki 6D na 40mm f/2.8. Sababu kubwa ni usiku. Ile pointi ya fokasi ya katikati ya 6D inafokasi mpaka EV -3, yani kiasi cha mwanga wa mbalamwezi, na mimi picha nyingi ninazozipenda ni za baada ya jua kuzama. Ya pili, ile lensi ni gramu 130 na unene haufiki sentimita 2 na nusu, bodi na betri na kadi ni kama gramu 770, jumla haifiki hata kilo, inaning'inia begani unaendelea na maisha. Ya tatu, sibadilishi lensi tena kwenye mchanga. Waliowahi kupiga anga la Kigoma kwa f/11 wakakuta madoadoa meusi ya vumbi kila picha wananielewa.

Nitakachokosa nakijua. Ndege wa mbali, mpira uwanjani, na sokwe kwa kiasi fulani. Sijifichi.

Naomba waliowahi kupunguza hivi waseme, mlikaa muda gani kabla ya kurudi dukani? Na vinavyouzwa ni D3300 na 18-55, D7100, 50 D, 70-300, na 24-105 ya Canon.

Mnyamwezi wa Ipuli

Mwangaluka. D7100 bei?

Kibirizi Kwetu

Inboksi mkuu.

Jirani wa Bangwe

Hii tabia ya "bei inboksi" ipigwe marufuku jamani, unauza kamera au unauza siri?

Flashi ya Mwanga

Mimi napiga harusi, sendoff, kipaimara, maulidi, kila kitu, Kigoma mjini mpaka Mwandiga. Nasema kwa heshima: kamera moja ni maneno ya mtu asiyewahi kusimama mbele ya bwana harusi kamera ikiandika "Err". Mimi nina bodi 2 shingoni muda wote, moja pana moja ndefu, maana bibi harusi akiingia hakuna mtu atamwambia rudi uingie tena nabadilisha lensi. Na hiyo 6D uliyoichagua ina nafasi ya kadi moja tu. Kadi ikifa, harusi imekufa, na ndugu wa Kiha uwaambie nini? D7100 unayoiuza ina nafasi 2, picha inaandikwa sehemu mbili kwa mpigo. Umeuza mzima umebaki na mgonjwa.

Kibirizi Kwetu

Mkuu wala hatubishani. Wewe unadaiwa picha, mimi sidaiwi na mtu. Kamera ya pili, kadi ya pili, flashi ya akiba, hivyo ni vitu vya mtu ambaye kuna familia imemlipa na inamsubiri. Mimi 6D ikiniandikia Err nafunga begi naenda kula migebuka. Shida ya sisi wa hobi ni kwamba tunasoma ushauri wa watu wa harusi halafu tunanunua kama nasi tuna harusi Jumamosi.

Flashi ya Mwanga

Hapo sawa. Lakini utaniazima hiyo 24-105 kabla hujaiuza, Jumamosi nina shughuli Ujiji.

Damu ya Njano

Mimi ni Nikon tangu nazaliwa kwa hiyo mniwie radhi. D7100 ina pointi za fokasi 51, 6D ina 11, na katika hizo 11 ya maana ni moja tu ya katikati. Megapikseli 24 kwa 20. Kasi ya shata ya D7100 inafika 1/8000 ya sekunde, 6D inaishia 1/4000. Kwenye karatasi huyu bwana kachagua kamera mbovu zaidi halafu anatuletea uzi wa kujisifu.

Kibirizi Kwetu

Haha, kwenye karatasi kweli kabisa. Lakini pointi 51 za nini kama natumia ya katikati tu? Nafokasi, nahamisha fremu ninavyotaka, napiga. D7100 inafokasi mpaka EV -2, hiyo hatua moja unaweza kuiona ndogo ila nenda Katonga saa moja na nusu usiku ujaribu kumfokasi mtu anayeshona wavu kwa mwanga wa tochi. Na 1/8000 sijawahi kuihitaji labda ningekuwa napiga risasi.

Ila nakubali, kama ningekuwa napiga michana na michezo ningebaki na D7100 na 35 ya 1.8G, ile ya DX, maana ile ina mota yake na kwenye sensa ndogo (kropu) ya D7100 inaona kama 52. Wala sisemi 6D ndo bora. Nasema chagua moja inayolingana na saa unayopiga.

Bosi wa Bando

Simu inatosha. Uzi ufungwe.

Jirani wa Bangwe

@Bosi wa Bando picha zako zote zipo kwenye hiyo simu iliyopasuka kioo au?

Fundi Negativu

Vijana nawasoma tangu jana. Mimi studio nimefunga siku nyingi, ilikuwa pale Mwanga karibu na soko, wakongwe wananijua.

Naona mnaliongelea jambo la kamera moja kama kitu cha busara. Ngoja niwatoe ushamba. Nilikuwa na Yashica-Mat, ile ya macho mawili unaangalia kwa juu, mkanda wa 120, picha 12 basi. Sikuwa na moja kwa sababu nimetafakari maisha. Nilikuwa na moja kwa sababu sikuwa na hela ya pili. Siku ya Idi kuna foleni mpaka barabarani, picha ya 12 ikiisha watu wote wanasimama na nguo zao mpya wananisubiri nibadilishe mkanda, watoto wanaanza kulia, poda inayeyuka. Na kuna mwaka shata ilikwama kabla ya sikukuu, nikaenda kwa mwenzangu Ujiji kuazima kwa masharti kama ya mahari, nusu ya mapato yake. Mtu aliyepitia hilo hawezi kukuambia uza ya akiba.

Lakini nitasema jambo moja. Kwa sababu lensi ilikuwa ile ile miaka yote, sakafuni nilipiga mstari wa rangi nyekundu. Mstari wa kwanza picha ya kitambulisho, wa pili mtu nusu, wa tatu mtu mzima na viatu vyake, na ukuta ndo familia. Mteja akisema anachotaka mimi nimeshasimama. Sikuwa natazama kioo kutafuta, natazama kioo kuhakikisha. Nyie mna zumu mnavuta mbele nyuma, mbele nyuma, mteja kashachoka kutabasamu.

Za rangi zilipokuja ndo tukawa tunatuma mikanda Dar na treni, dakrumu, chumba cha giza cha kusafishia picha, ikabaki ya kuhifadhia viti.

Nesi wa Kasulu

Mzee wangu shikamoo. Hiyo ya mstari mwekundu nimeipenda sana.

Fundi Negativu

Marahaba binti.

Hesabu za Picha

Shikamoo mzee. Naomba nitie hesabu kidogo. Yashica-Mat ina lensi ya 80mm, na fremu ya 6x6 ukipima kwa mlalo wa kona kwa kona ni kama milimita 79, ful fremu, yani sensa kubwa kama ya 6D, ni kama 43. Ukiigeuza, ile 80 ya mzee inaona sawa na 44 hivi kwenye kamera kama 6D. Yani huyu kijana wa Kibirizi na 40 yake anaona karibu kile kile mzee alichokuwa anakiona kwenye studio yake ya Mwanga, tofauti ya mzee ilikuwa mraba tu.

Kibirizi Kwetu

Shikamoo mzee wangu. @Hesabu za Picha mkuu umeniuzia uzi wangu upya, hii sikuijua. Kesho natafuta rangi nyekundu.

Na mzee, hoja ya akiba nimeipokea, lakini ile ilikuwa duka lako. Idi ile walikudai.

Fundi Negativu

Walinidai na wengine mpaka leo nawadai mimi.

Hesabu za Picha

Kuna Seydou Keïta wa Bamako, Mali, alifungua studio yake 1948. Yule alikuwa na kamera kubwa ya sentimita 13 kwa 18, kila picha ni kipande kizima cha filamu, kwa hiyo mara nyingi mtu mmoja anapigwa mara moja tu. Taa hakuzitegemea, alikuwa anawatoa watu uani kwenye mwanga wa jua, na pazia la nyuma la miaka ya mwanzo lilikuwa shuka la kitandani kwake lenye nakshi. Leo picha zile zipo kwenye majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani. Nawaambia wale wanaosubiri kununua softboksi (boksi la kulainisha mwanga wa taa) ya tatu.

Flashi ya Mwanga

Bibi harusi wa sasa umwambie nakupiga mara moja tu kwenye shuka langu. Atakuitia polisi.

Mtembeza Wageni

Naongea upande wa hifadhi maana mmegusa sokwe. Nimepeleka wageni Gombe na Mahale. Hapo ndo nataka mwenye uzi asidanganye watu. Kule hauchagui umbali. Mahale mnakaa mita 10 kutoka kwa sokwe, mnavaa barakoa, saa moja mkiwa nao basi mnaondoka. Yeye sokwe akitaka kupita karibu yako ni hiari yake lakini wewe husogei. Na msituni ni giza, miti imefunika, flashi hairuhusiwi, mweusi amekaa kwenye kivuli cheusi. Watu wengi wanakuja na 70-200 ya f/2.8 na wana sababu. Ukienda na 40 utapata msitu mzuri na doa jeusi katikati.

Kibirizi Kwetu

Sikatai, nimeandika mwanzo kabisa kwamba nitakikosa. Ila kuna watu wanakaa na 70-300 ya f/5.6 kabatini mwaka mzima kwa ajili ya Gombe ambayo hawajawahi kupanda boti kwenda. Mimi naona siku ukienda azima au kodi, ukirudi rudisha.

Na msitu wenye sokwe mdogo ndani nao ni picha. Sura peke yake zimeshajaa duniani tangu fotografa Hugo van Lawick atumwe pale Gombe 1962 kumpiga mtafiti Jane Goodall na sokwe wake. Sokwe ndani ya bonde lake, miti yote inaonekana, na ziwa kwa mbali chini, hizo mbona chache.

Mtembeza Wageni

Hapo umejitetea vizuri lakini mgeni aliyelipa dola zake anataka sura.

Kibirizi Kwetu

Wewe mgeni anakudai, mimi sidaiwi. Narudi pale pale.

Kutu na Kuvu

Hakuna aliyetaja kuvu humu? Ndo sababu yangu ya kuuza. Hii mvua yetu ya Novemba mpaka Aprili na hewa ya ziwa, lensi ikikaa gizani ndani ya begi haitoki, inaota. Unaiangalia kwenye mwanga unaona nyuzi nyuzi nyeupe ndani ya kioo. Inayotumika kila siku haioti kirahisi kwa sababu inapata hewa na mwanga. Lensi zangu zilizokufa ni zile tu nilizokuwa "nazitunza".

Bosi wa Bando

Weka kwenye mchele, unanyonya unyevu.

Kutu na Kuvu

Mchele una vumbi, utaingia kwenye zumu na huko hautoki. Chukua boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka vile vifuko vya silika vinavyokuja kwenye viatu, vikilowa vikaushe. Na toa kamera kwenye kile kibegi chake cha ngozi, ngozi inatunza unyevu ndo chakula cha kuvu.

Nesi wa Kasulu

Samahani jamani mimi ni mgeni kwenye haya mambo. Sina kamera yoyote, napiga kwa simu, nataka kuanza. Nimesoma uzi wote na sasa nimechanganyikiwa zaidi, kila mtu anauza na kila mtu anasema usinunue. Mimi napenda kupiga watu, wanawake sokoni, watoto, na bibi yangu kijijini. Nianze na nini ili nisifike mlikofika?

Damu ya Njano

Dada chukua D3300 ya huyu, kisha tafuta ile 35 ya 1.8G. Usichukue 50 ya D hata akikupa bure, ndo ugonjwa ulipoanzia.

Kibirizi Kwetu

Kwa mara ya kwanza nakubaliana na @Damu ya Njano. Dada, D3300 ni nyepesi, menyu yake rahisi, picha zake mpaka leo nazipenda. Hiyo 35 ukishaiweka usiitoe. 18-55 nitakupa ibaki kwenye boksi la silika, siku ya sherehe ndani ya chumba kidogo utaihitaji.

Kuna kamera ambazo hili lilishaamuliwa kiwandani, lensi haitoki kabisa, kama Fujifilm X100 ambayo matoleo yake yote tangu 2011 ni 23mm tu inayofanana na 35 ya ful fremu, au Ricoh GR III inayoingia mfukoni, haifiki gramu 260. Nzuri sana kwa mtu wa aina yako. Tatizo bei, na ikiharibika huku kwetu fundi wake utamtafuta kwa darubini. Nikon za zamani vifaa vyake vinazunguka Kariakoo kila siku.

Nesi wa Kasulu

Na watu hawakasiriki ukiwapiga? Na simu huwa hawashtuki lakini kamera naogopa.

Kibirizi Kwetu

Wanakasirika ukija kama mwizi. Hili ndo jambo ambalo hata kwenye uzi sikulisema vizuri. Nilipokuwa na 70-300 nilikuwa nasimama mbali, watu wanakuona na mzinga wako mrefu, wanauliza huyu ni wa serikali au wa gazeti. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuvua kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, mitumbwi yote imelala mchangani, wavuvi hasira juu, mtu mwenye lensi ndefu hapo anaonekana kaja kupeleleza nani anavua kwa wizi. Ukiwa na 40 huna pa kujificha, inabidi ufike, usalimie, ukae kwenye ngalawa yake iliyopinduliwa, mpige stori za Simba na Yanga, picha inakuja yenyewe baadaye. Zile nilizopiga kipindi kile cha wanaume wanaotengeneza nyavu zao bila kazi ya usiku, hakuna hata moja ingetoka na lensi ndefu.

Ila bandarini, stesheni, na sehemu zozote zenye walinzi, omba kibali kwanza. Pale hawaangalii urefu wa lensi, kamera ni kamera.

Reli ya Kati

Stesheni yetu hiyo ilifikiwa na reli tangu 1914 na bado ukitoa kamera unaulizwa unapiga ili iweje. Kuna watu humu wana bodi 4 na hawana picha hata moja ya Liemba ikiwa bado inatembea. Meli iliyoundwa Papenburg Ujerumani 1913, ikaletwa vipande, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Kila mwezi ilikuwa inapita mbele yetu, wanasubiri wapate lensi nzuri kwanza.

Damu ya Njano

Mbona unanitazama mimi?

Reli ya Kati

Nimekutaja jina?

Mnyamwezi wa Ipuli

Mimi bado nipo kwenye D7100. Bei nimeiona inboksi, sio mbaya. Shata imepiga picha ngapi?

Kibirizi Kwetu

Nikon inaandika hesabu ndani ya kila picha, nitakutumia faili moja halisi ambalo halijaeditiwa uliweke kwenye programu yoyote ya kusoma taarifa za picha ujionee mwenyewe. Shata yake ilipimwa kwa picha 150,000 na haijafika hata nusu. Hii 6D ndo ngumu, Canon haiandiki kwenye picha, mpaka uchomeke kwenye kompyuta na programu ya pembeni.

Mnyamwezi wa Ipuli

Tuma faili. Ikiwa kweli naipokea stendi ya Tabora, nauli ya mzigo nalipa mimi.

Jirani wa Bangwe

Sasa na mimi niulize maana nilikuwa natania tu kumbe uzi una nondo. Nina 6D kama yako, betri inaisha nikiwa sijapiga hata picha. Betri feki?

Kibirizi Kwetu

Inawezekana feki, lakini kwanza angalia GPS. Kwenye 6D ukiiwasha GPS inaendelea kutafuta setilaiti hata ukizima kamera kwa swichi. Ingia kwenye menyu uizime yenyewe. Wifi nayo izime, iwashe tu ukitaka kurusha picha kwenye simu.

Jirani wa Bangwe

Daah. Ilikuwa ipo on muda wote. Betri mbili nimezitupa mimi.

Flashi ya Mwanga

@Kibirizi Kwetu 24-105 imefanya kazi vizuri Ujiji, tumepiga mpaka chini ya miembe ya Livingstone. Siirudishi, tuongee bei.

Kibirizi Kwetu

Nilijua tu. Sawa, njoo.

Hesabu za Picha

Kwa hiyo umebakiwa na nini hakijapata mtu?

Kibirizi Kwetu

50 D na 70-300. D3300 ameichukua dada wa Kasulu, kaja mwenyewe kuifuata, kaipiga mbele yangu tukaridhiana. 50 nampa mtu yeyote mwenye D7000 na kuendelea, hata kwa soda. @Mnyamwezi wa Ipuli nakuwekea kwenye boksi la D7100, itakufokasia vizuri kabisa.

Mnyamwezi wa Ipuli

Asante sana mkuu. Ila hivi ndo nami naanza kujaa eeh?

Nesi wa Kasulu

Nimeshaanza jamani! Swali moja la mwisho. Zile taa za wavuvi usiku ziwani, zile zinazojipanga mstari kama mji mzima umeota majini, nazipigaje? Nimejaribu nikiwa nimeshika mkononi zimetoka minyoo.

Kibirizi Kwetu

Hongera dada. Kwanza angalia mwezi. Mbalamwezi ikiwa kubwa hawatoki maana taa zao hazivuti dagaa, utakesha bure. Nenda kipindi cha giza, na ukipanda sehemu ya juu kidogo kama Bangwe taa zinaachana vizuri, ukiwa chini ufukweni zinabanana. Wahi kabla giza halijakolea, ili anga libaki na ubluu na milima ya Kongo ionekane kidogo. Kiangazi cha Julai na Agosti kuna ukungu na moshi wa mioto ya porini, milima inapotea, baada ya mvua ndo hewa inakuwa safi. Fokasi kwenye taa moja kisha weka fokasi ya mkono isihangaike tena. f/4, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 1600, shata anzia sekunde 2. Usizidishe sana maana mitumbwi inacheza na mawimbi, sekunde 10 taa zinakuwa mistari tena. Tumia taimeri ya sekunde 2 ili kidole kisitikise kamera.

Na lazima tripodi, hilo halina njia ya mkato.

Nesi wa Kasulu

Tripodi yako nayo inauzwa?

Kibirizi Kwetu

Tripodi siuzi.